Koti la Mwalimu Kwenye Renji

Mwaka wa themanini na tano, mwezi wa saba, Sajini Oketch alikuja kwangu Langas, mtaa wa Eldoret, asubuhi kuniuliza kama nina maboga.

"Ya kula au ya mbegu?" nikamuuliza.

"Ya kupiga risasi, Mama."

Nilikuwa nimeinama nachochea jiko. Nikainuka polepole nikamtazama, nikidhani labda ana homa. Hakuwa na homa. Alikuwa ameshika kofia mkononi, kama kawaida yake akiingia kwa watu, na viatu alikuwa ameshavipangusa kwenye nyasi kabla ya kukanyaga mlango wangu. Nilimpendea jambo hilo tangu siku ya kwanza. Askari wengi huingia na matope yao.

Kazi ya Oketch ilikuwa kuwafundisha bunduki askari wa akiba. Hawa walikuwa wakulima wa kawaida wa upande wa Kesses, waliopewa bunduki na serikali ili ng'ombe za watu zisiibwe. Mazoezi yalifanyika nje ya mji, kwenye machimbo ya zamani ya mawe, mahali ambapo wao walipaita renji. Siku za mazoezi nilikuwa nikiwapelekea chai na mandazi. Sajini alinikubalia niuze pale, na birika likiwa zito alinipokea njiani mwenyewe, na vyeo vyake begani.

"Makaratasi ya shabaha yameisha," akanieleza, "yale yenye duara nyeusi katikati. Nimeomba mengine, naambiwa nisubiri. Sasa watu wangu wanapiga ukuta wa mawe. Na mtu akipiga ukuta kila siku anajiona bingwa, Mama. Ukuta haukosekani."

"Kwa hivyo unataka kitu cha bei rahisi."

"Nataka kitu cha bure."

Maboga nilikuwa nayo mawili, nikampa. Lakini mwaka uliotangulia ulikuwa mwaka wa njaa, ule ambao tulikula mahindi ya njano kutoka ng'ambo, na watu walikuwa bado hawajasahau. Boga la kwanza lilipopasuka, kijana mmoja, Kabiru, aliweka bunduki chini, akaenda mbio kuokota vipande.

"Kabiru! Rudi kwenye laini!"

"Naja, Sajini! Hii ni chakula ya ng'ombe, wacha nichukue kabla haijaingia mchanga!"

Wenzake walipoona hivyo nao wakaenda, na boga la pili likagawanywa kwa kisu kabla hata ya kulengwa. Mazoezi ya siku hiyo yakaishia hapo.

Wakajaribu madebe. Risasi ya kwanza iligonga debe, ikaruka, ikapita juu yetu ikiimba. Sote tulilala chini, hata mimi na uzee wangu, na mandazi yakamwagika. Mwenzao Kibet alinikunjia koti lake la mvua niwekee kichwa, halafu akaniokotea mandazi moja moja akiyapuliza. Wakajaribu maboksi ya dukani, mvua ya mchana ikayalainisha yakawa uji.

Halafu Bethwel, aliyekuwa mtulivu kuliko wote, akaleta kifurushi cha magazeti ya zamani. Akalifungua la kwanza. Akalitazama. Akalikunja tena vizuri sana, pembe kwa pembe, akalirudisha mfukoni. Mnakumbuka magazeti ya miaka ile: kila ukurasa wa kwanza ulikuwa na mkubwa wa nchi, mara anapanda mti, mara anafungua kiwanda. Sajini akatazama juu.

"Mvua inakuja," akasema, na jua lilikuwa linawaka.

Ndipo nilipofikiria makoti. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamekusanya nguo kuukuu kwa ajili ya watu walioumizwa na ile njaa. Nguo nzuri ziligawanywa zote. Yalibaki makoti matatu ambayo hata mwenye shida alikuwa ameyatazama akasema asante, akaondoka bila kuyachukua. La kwanza lilikuwa la mvua, halina mkono mmoja. La pili lilikuwa kabuti jeusi lililoliwa na panya. La tatu lilikuwa koti la kahawia lenye viraka vya ngozi viwikoni na vifungo visivyofanana. Nikampelekea Oketch.

Alifurahi sana. Vijana walifunga misalaba ya mbao, wakaivisha makoti na kuyajaza mabua ya mahindi yaliyobaki shambani. Vichwa hawakuweka. Bethwel alisema vikiwekwa vichwa yeye hatalala usingizi. Zikasimama shabaha tatu kwenye mstari, kifua mbele, mfano wa wazee wanaongoja kuhutubia. Hazikugharimu hata ndururu.

Kwa wiki mbili Oketch alikuwa mtu wa raha. Koti la mvua lilikuwa chujio. Kabuti, mtu angeweza kuona ng'ambo kupitia kifuani. Vijana walikuwa wanajua kupiga kweli.

Ila lile koti la kahawia halikuguswa.

Mwanzoni Oketch alidhani ni upepo. Akalisogeza kushoto. Risasi zikapita kulia. Akalirudisha kulia, risasi zikapita juu, zikachimba udongo wa kilimani. Akadhani ni jua linalowamulika macho, akabadilisha saa ya mazoezi. Akabadilisha bunduki. Mwishowe akalisogeza karibu sana, karibu kiasi ambacho hata mimi ningelipiga kwa kijiko, na bado Kipkemboi, ambaye alikuwa mlengaji bora kuliko wote, akapiga jiwe lililokuwa nyuma yake.

"Kipkemboi, wewe unaona?"

"Naona, Afande."

"Unaona nini?"

"Naona koti, Afande."

"Basi lipige!"

Akapiga jiwe lilelile.

Siku hiyo Oketch alikunywa chai yake akiwa amesimama peke yake kando ya birika langu. Hakuongeza sukari.

"Jumamosi anakuja inspekta," akaniambia kwa sauti ya chini. "Kila mtu atapiga shabaha zote tatu. Wakishindwa hata moja, bunduki zinarudi stoo, na mimi napelekwa kaskazini. Nimeshaambiwa kwa mdomo."

"Kaskazini wapi?"

"Huko ambako barua hufika ikiwa imesahau ilikuwa inasema nini."

Alijaribu kucheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua habari za nyumbani kwake. Mkewe Kageha alikuwa amejifungua mapema, mtoto mdogo kama kiganja, na daktari alitaka kumwona mtoto yule kila wiki bila kukosa. Safari ya lori hadi kaskazini mtoto huyo asingeiweza. Na Kageha hakuwa na ndugu hapa wa kubaki naye.

"Waambie vijana," nikamwambia. "Waambie ukweli."

"Hapana, Mama, na wewe usiwaambie. Wakinihurumia mikono itatetemeka. Nataka wapige kwa sababu wanajua kupiga."

Akanirudishia kikombe. Alikuwa amekisuuza mwenyewe.

Mimi sijui bunduki, lakini watu nimewatazama kwa miaka mingi. Nilimtazama Kipkemboi ilipokuwa zamu yake kwenye koti la kahawia. Kwenye yale mengine alilala chini kama paka. Kwenye lile la tatu midomo yake ilikuwa inacheza, na kabla ya kufyatua alinyanyua mdomo wa bunduki kidogo tu, kama mtu anayempisha mkubwa wake mlangoni.

Alipokuja kuchukua chai nikamkalisha.

"Kipkemboi, kifungo cha lile kabuti ulikitoboa katikati. Hili la kahawia lina nini?"

Akatazama nyuma, akatazama pembeni. Vijana wale waliniita Shosho, yaani bibi yao.

"Shosho, kwani hujui hilo ni la nani?"

"La kanisa."

"La kanisa gani! Ni la Mwalimu Zachariah."

Mwalimu Zachariah alikuwa amefundisha shule ya msingi ya upande ule wa Kesses tangu kabla ya uhuru mpaka alipostaafu. Mimi nilimjua kwa jina na kwa mkewe, Hellen, ambaye tulikuwa naye katika umoja wa akina mama. Watoto wangu walisoma mjini, kwa hivyo koti lake sikuwa nalijua. Kumbe upande wa Kesses kila mtu alilijua jinsi unavyoujua mlima.

"Alilivaa kila siku ya Mungu," Kipkemboi akasema. "Mimi nilikuwa napoteza penseli. Kila asubuhi aliingiza mkono mfuko ule wa kushoto, akanipa nyingine. Mwaka mzima, Shosho. Hakuniuliza hata siku moja ile ya jana iko wapi." Akapuliza chai yake. "Sasa wewe unataka nipige mfuko ule?"

"Lakini hayumo ndani, mwanangu."

"Hayumo. Lakini kwetu nguo ya mzee si nguo tu. Jasho lake liko hapo. Na akiugua wiki ijayo? Nitasema nini kwa watu? Nitasema nilikuwa nafanya mazoezi?"

"Na wenzako?"

"Sijui. Hao labda ni macho. Tafadhali usiwaambie, watanicheka mpaka Krismasi."

Nikaanza kumimina chai kwa wenzake, mmoja mmoja, na kwa kila mmoja nikauliza polepole. Kibet alisema siku ya mvua ya mawe Mwalimu alimfunika na koti lile akambeba hadi kwao, akiwa yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Bethwel alisema tu, "Hilo? Hapana," akaondoka na kikombe. Kabiru, ambaye alisoma shule hiyohiyo baada ya wazazi wake kuhamia huku kutoka Nyeri, alikuna kichwa.

"Mimi alinichapa akiwa amelivaa, Shosho, tena nilistahili. Lakini mkono haukubali. Nimejaribu. Nimemwambia Sajini risasi zangu zimepinda."

"Risasi zimepinda?"

"Sikupata uongo mwingine."

Na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Na kila mmoja aliniomba nisiseme. Nikarudi nyumbani na birika tupu na siri zote hizo.

Nilijaribu njia ya mkato. Keshoye nikamwambia Oketch, "Sajini, hilo la kahawia limechakaa. Liondoe."

"Limechakaa? Hilo ndilo zima kuliko yote!"

"Basi liondoe tu."

"Mama, shabaha haiondolewi kwa sababu watu wanaikosa. Hapo ndipo inapobaki. Lakini ukinipa koti lingine, sawa, nitabadilisha."

Koti lingine! Mwezi wa saba, Eldoret! Ukungu mpaka saa nne, na watu wanatembea mikono kwapani. Nilizunguka kwa jirani zangu wote pale Langas, nikauliza kanisani, nikauliza sokoni kwa wauzaji wa mitumba. Kila koti lilikuwa na mtu ndani.

Ikafika Ijumaa. Nikachukua leso yangu, nikapanda gari la njia ya Kesses, nikaenda kwa Mwalimu.

Hellen alikuwa nyuma ya nyumba akipalilia sukuma. Alipojua nimekuja kwa habari ya koti aliacha jembe hapohapo, akanishika mkono, akanivuta nyuma ya ghala.

"Polepole! Yeye anajua liko kwa fundi."

"Fundi yupi?"

"Fundi yeyote! Mama Nduta, nimelala karibu na koti lile miaka ishirini. Nilimnunulia jipya, akalitundika ukutani kama kalenda. Ningefanya nini? Nikalitia kwenye zile nguo za maskini. Nimemwambia fundi anaweka bitana."

"Tangu lini?"

"Tangu Pasaka."

Na hapo mlango ukafunguka, Mwalimu mwenyewe akatokea. Alikuwa mzee mrefu, mwembamba, amevaa koti jipya la bluu ambalo mabega yake yalisimama peke yake, yakamfanya aonekane amebeba ubao.

"Mama Nduta! Karibu. Wewe unatoka mjini. Niambie, huyu fundi ni mtu au ni mzimu? Koti moja, bitana moja, miezi mitatu!"

Hellen akatazama sukuma zake. Mimi nikaona kudanganya mzee mbele ya nyumba yake sitaweza.

"Mwalimu, koti lako liko renji."

"Renji? Linafanya nini?"

"Limesimamishwa lipigwe risasi."

Akamgeukia mkewe. Hellen akainama kabisa, akaanza kung'oa magugu ambayo hayakuwepo.

"Linapigwa risasi!" Mwalimu akasema. "Koti langu!"

"Halipigwi, Mwalimu. Hilo ndilo tatizo."

Nikamweleza. Nilimweleza habari za Kipkemboi na penseli, na Kibet na mvua ya mawe, na Kabiru na risasi zilizopinda. Alipofungua mdomo mara ya kwanza ilikuwa kugomba, naona, kwa sababu kidole alikuwa ameshakiinua. Kidole kikabaki juu kwanza, kikashuka. Akaingia ndani, akatoka na kofia.

"Unaenda wapi?" Hellen akauliza.

"Kumwona fundi."

Tuliposhuka garini karibu na machimbo nikamwambia na ile habari nyingine, ya Oketch na kaskazini na mtoto wa Kageha. Nilikuwa nimeombwa nisiwaambie vijana, na Mwalimu si kijana. Alitembea tu, hatua ndefu, akinisubiri mara kwa mara nimfikie, na penye tope alinipa mkono.

Tulipotokea kwenye machimbo, vijana walikuwa wamekaa kwenye nyasi wakisafisha bunduki. Walipomwona walisimama wote kwa pamoja, wima, kama darasa la nne. Kibet alikuwa anavuta sigara. Akaitumbukiza mfukoni, na moshi ukaendelea kutoka mfukoni.

"Kibet," Mwalimu akasema bila kumtazama, "unaungua."

"Ndiyo, Mwalimu."

Oketch akaja haraka. "Mzee, samahani, hapa raia haruhusiwi. Ni hatari."

"Hatari kwangu? Kwa nilivyosikia, mwanangu, hapa hakuna mahali salama kama kifuani mwangu." Akaonyesha kwa kidole. "Nimekuja kuona koti langu."

Oketch akaligeukia koti, akanigeukia mimi, akawageukia vijana. Vijana walikuwa wanatazama ardhi, kila mmoja sehemu yake. Nikaona jambo likianza kumwingia.

Mwalimu alienda mpaka kwenye shabaha. Aliweka mkono ndani ya lile koti la mvua, mkono ukatokea upande wa pili. Akaligusa kabuti, likaachia vumbi. Halafu akasimama mbele ya lake. Alilikagua kwa vidole, kifua, mabega, mifuko, polepole, kama mama anavyompapasa mtoto aliyeanguka kuona ameumia wapi. Hapakuwa na tundu hata moja zaidi ya yale ya nondo. Alisimama pale ametupa mgongo, akatoa kitambaa, akafuta miwani, akaivaa, akaivua, akaifuta tena.

Alipogeuka, sauti yake ilikuwa ya darasani.

"Aliyesomeshwa na mimi ainue mkono."

Mikono yote ikainuka. Yote. Wakatazamana. Kipkemboi akamwangalia Kabiru, Kabiru akamwangalia Bethwel.

"Hata wewe?" Kipkemboi akanong'ona. "Si ulisema risasi zimepinda!"

"Na wewe ulisema una chongo!"

"Kimya. Sajini," Mwalimu akasema, "umekuwa ukidhani watu hawa hawajui kulenga. Wanalenga vizuri sana. Kukosa kitu kilicho karibu hivi kila siku, kwa wiki mbili, bila hata bahati mbaya moja, hiyo ni kazi. Wamekuwa wakinikosa kwa bidii."

Oketch alivua kofia yake.

"Sasa nyinyi. Mmeniheshimu, nimeona, na sitasahau. Lakini mnajua mnampeleka nani kaskazini? Sajini huyu kesho mkikosa anahamishwa. Ana mtoto aliyezaliwa juzi, mdogo, wa kupelekwa kwa daktari kila wiki. Nani atampeleka? Wewe Kibet? Wewe Kabiru na risasi zako?"

Hakuna aliyejua. Uliona ule uso wa watu wanapogundua wamemuumiza mtu waliyempenda wakati walikuwa wanamlinda mwingine. Oketch alinitazama mimi. Mimi nilikuwa nachungulia ndani ya birika.

"Sajini, kwa nini hukutuambia?" Bethwel akauliza. Hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote niliyowahi kumsikia.

"Na nyinyi, kwa nini hamkuniambia?"

Hapo Kabiru akaanza kucheka, na wengine wakamfuata, mpaka Oketch mwenyewe akaketi juu ya jiwe akacheka na kofia imemfunika uso.

Mwalimu alirudi kwenye koti lake. Aliingiza mkono mfuko wa kushoto akatoa chaki iliyovunjika, kifutio na peremende iliyoshikana na karatasi yake. Akavitia kwenye koti jipya la bluu. Halafu akafanya jambo ambalo wazee wa huko hufanya wakibariki: alitema mate kidogo, machache kama umande, kwenye kifua cha koti, kisha akapita akatema vilevile kwenye kiganja cha kila kijana, pamoja na Kabiru ambaye si wa kabila lake, pamoja na Sajini ambaye alitoa kiganja bila kujua ni cha nini.

"Nimeliachia," akasema. "Kuanzia sasa ni kitambaa na mabua. Mimi niko hapa, nimevaa bluu, namshukuru mke wangu. Kipkemboi, anza. Kifungo cha pili."

Kipkemboi alilala chini. Midomo ikaanza kucheza. Akafyatua.

Vumbi likaruka kifuani mwa koti, pale pale kwenye kifungo cha pili. Na hakuna aliyetazama koti. Sote tulimtazama Mwalimu.

Mwalimu akakohoa.

"Uwi!" Kabiru akapiga kelele. Kipkemboi akaachia bunduki kama imeshika moto. Kibet alikuwa ameshamkimbilia mzee, amemshika mabega.

"Ni vumbi!" Mwalimu akafoka. "Niacheni! Mtu hawezi kukohoa? Rudini kwenye laini! Kibet, nyoosha mgongo!"

Mpaka jua linaenda kuzama lile koti lilikuwa limefanana na wenzake. Mwalimu alikaa kwenye jiwe kando yangu akinywa chai na kuwasahihisha namna ya kukaa, ingawa bunduki alikuwa hajawahi kuishika maishani. Kila risasi ikipiga, nilimwona akibana kikombe kidogo. Lakini hakugeuza uso.

Jumamosi inspekta akaja na ukungu. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, anatembea na fimbo kwapani. Alitazama shabaha zetu kwanza.

"Hivi ni vitu gani?"

"Shabaha, Afande," Oketch akasema. "Za bei nafuu."

"Mlinunua wapi?"

"Hatukununua, Afande. Tulipewa."

Inspekta akagusa mabua kwa fimbo yake, akaamuru waanze.

La mvua, wakapita wote. Kabuti, wakapita wote. Wakaja kwenye la kahawia, na mimi nikashika leso yangu kwa mikono miwili. Nilimfikiria Kageha nyumbani na yule mtoto kifuani. Mwalimu na Hellen walikuwa nyuma ya kamba. Kipkemboi akapiga, Bethwel akapiga, Kabiru akapiga na kusema "Asante Yesu" kwa sauti. Kibet risasi yake ya kwanza ikapita pembeni ya mkono wa koti. Aligeuka akatazama nyuma ya kamba, na bila kujua akasema, "Samahani, Mwalimu."

"Nani mwalimu?" inspekta akauliza.

"Mimi," mzee akasema, na aliinua mkono kama mwanafunzi. "Mwache arudie. Huyu hufanya makosa kwenye swali la kwanza, halafu anapata yote. Tangu darasa la tatu."

Inspekta alimtazama mzee, akamtazama Kibet, akatazama koti, na sijui alielewa nini. Pengine naye alikuwa na mwalimu wake mahali. Akatikisa fimbo: endelea. Kibet akazipata zote zilizobaki.

Basi bunduki hazikurudi stoo, na Oketch hakwenda kaskazini. Inspekta alimwambia palepale, kwa maneno machache, kisha akapanda gari lake. Oketch alienda nyuma ya ukuta wa mawe akakaa huko kidogo. Aliporudi uso ulikuwa umelowa, akasema ni ukungu. Tukakubali kuwa ni ukungu. Jioni ile, Kageha aliniambia baadaye, vijana walipita kwake mmoja mmoja, kila mtu na chupa yake ya maziwa, na kila mtu alishangaa kukuta nyingine mezani.

Jumatatu Oketch alikuja kwangu tena. Akapangusa viatu, akavua kofia.

"Mama, makoti yamekwisha. Hayana hata mahali pa kutoboa. Nitafutie mengine, lakini safari hii nakuomba, yawe ya watu wasiojulikana."

Nikamwekea kiti, nikamtilia chai, na sukari vijiko vitatu.

"Sajini," nikamwambia, "hapa kwetu nitawatoa wapi watu kama hao?"